Maboya Yaliyohama

Antoine alikuwa amejibu maswali kumi na moja bila kusita. Lilipofika la kumi na mbili akainamisha kichwa na kuanza kuvitazama vidole vya miguu yake.

Inspekta Levy Kaoma hakulirudia swali. Aliilaza kalamu juu ya daftari, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, Jumatano. Saa nane mchana wajumbe wa Zambia na wa Kongo wangekutana katika ukumbi wa Nchelenge kutia saini mapatano ya kulinda mazalio ya samaki ya Ziwa Mweru. Kabla kalamu yoyote haijagusa karatasi, walitaka kuelezwa jambo moja: nani aliyeyaondoa maboya ya mwamba uitwao Mawe ya Nkwashi, na kwa nini.

Maboya yalikuwa sita, meupe, kila moja lina mstari wa buluu kiunoni. Yalitoka mbali. Watu wa visiwa vya baharini, ambao kwa miaka mingi wamelinda matumbawe yao kwa maboya kama hayo, waliyatuma kuwa zawadi ya wavuvi kwa wavuvi. Mwezi wa nane kamati ya pamoja ya ziwa iliyatia nanga kuuzunguka mwamba huo, ulio kati ya Nchelenge na kisiwa cha Isokwe. Pande zote mbili zikakubaliana sheria fupi: ndani ya maboya hakuna wavu, na atakayeyaondoa atanyang'anywa chombo chake. Jumapili maboya yalihama. Jumanne Antoine alikamatwa kwenye gati la Kashikishi.

Alikuwa Mkongo wa Pweto, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata baada ya usiku mmoja wa kulala kituoni. Mtumbwi wake wa mbao, wenye pua iliyopakwa rangi ya kijani, alikuwa ameujenga pamoja na kaka yake ambaye sasa ni marehemu. Sasa ulikuwa umefungwa mnyororo nyuma ya kituo. Nyumbani Pweto kulikuwa na watoto watano waliokula kwa mtumbwi huo.

Inspekta alisoma tena alichokwisha kuandika. Antoine hakukana chochote. Siku ya Jumapili, saa ya ibada, wakati gati likiwa tupu, aling'oa maboya sita, akayakokota upande wa mashariki karibu na matete, akayaacha huko. Hakuuza hata moja. Hakutega wavu. Alipoulizwa kwa nini, alisema aliombwa. Alipoulizwa na nani, ndipo alipoinamisha kichwa.

"Nilibeba, mukubwa, sikuiba," alisema hatimaye. "Lakini hii ulizo ya mwisho, uniachilie."

"Kwa nini nikuachilie?"

"Juu ya heshima."

"Heshima ya nani? Utaupoteza mtumbwi wako leo mchana, Antoine. Mtu aliyekutuma amelala kwake."

Antoine alitikisa kichwa polepole. "Hii haiko juu yangu. Iko juu yako, mukubwa."

Inspekta akaandika: *Anatisha?* Akaitazama alama ya kuuliza, akaukata mstari wote. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa ametishwa na watu wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyemtisha kwa sauti ya huruma.

Shahidi aliyemtaja Antoine alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, akila karanga. Kingsley alikuwa mvuvi wa Puta mwenye maneno mengi, na tangu jana alikuwa ameisimulia habari yake mara nne, kila mara akiongeza kitu. Inspekta alimtaka aisimulie mara ya tano, taratibu, bila kuongeza.

Kingsley akasema Jumapili alikuwa ufukoni anashona wavu. Aliuona mtumbwi wa pua ya kijani ukiyavuta maboya. Antoine alikuwa nyuma anapiga kasia, na mbele palikuwa na gunia la chisense limefunikwa kitenge.

Inspekta akainua kalamu. Chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, huvuliwa, huanikwa, hutiwa magunia, na gunia likishajaa safari yake ni moja: kutoka gatini hadi kwenye lori la kwenda Kopabelti, kwenye migodi. Halirudi ziwani.

"Gunia lilikuwa la rangi gani?"

"Nilikwisha sema, mukwai. Lilifunikwa kitenge. Cha njano, chenye ndege."

"Umewahi kuona mtu analivika gunia kitenge?"

Kingsley akatafuna karanga. Kwa kweli, alisema, hajawahi.

"Na gunia hilo lilitikisika?"

"Lilikuwa likinyoosha mkono, bashikulu. Nilidhani ni upepo."

Askari wa zamu aligeuka upande wa dirisha ili asionekane akicheka. Inspekta hakucheka. Alimuuliza Kingsley kwa nini, ikiwa aliyaona haya Jumapili, alingoja hadi Jumanne ndipo aje kutoa taarifa. Kingsley akajibu kwamba Jumatatu alikuwa na shughuli. Shughuli gani? Ya kawaida tu. Inspekta akamwomba aonyeshe viganja. Vilikuwa na malengelenge mapya, mawili kila kiganja, pale pale mtu anaposhika mti mrefu wa kupigia maji. Kutumpula, kuyapiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, kumekatazwa ziwa zima, na malengelenge yake hayafanani na ya kasia.

"Kwa hiyo Jumapili uliona mwamba umeachwa wazi ukanyamaza. Jumatatu ukaenda kutumpula. Jumanne ukakumbuka sheria. Ulipata nini kwenye Mawe ya Nkwashi, Kingsley?"

Kingsley aliutazama mfuko wa karanga kama aliyesalitiwa nao. Alisema walikwenda mitumbwi minne. Waliyapiga maji tangu alfajiri hadi jua kali. Walipata wale samaki wa miiba wanaolia mkononi, ndoo moja na nusu, basi.

"Na wale wakubwa, pale, je?"

"Hata mmoja, mukwai. Nimeyaona mawe yale miezi mitatu nikiyatamani kama mke wa jirani, na ndani hamna kitu."

Pale ni jina la samaki mkubwa wa Mweru, ndiye aliyefanya nchi mbili zikae meza moja. Inspekta akapiga mstari chini ya maneno *hata mmoja*. Kama Kingsley angekuwa ndiye aliyetaka maboya yahamishwe ili avue, angekwenda Jumapili ile ile, na leo asingekuwa na uso wa mtu aliyedanganywa. Akamfuta katika orodha ya washukiwa na kumwandika katika orodha ya kutumpula.

Saa tatu na nusu alikuwa ziwani. Beauty Bwalya, ofisa wa uvuvi na katibu wa kamati ya pamoja, aliendesha boti mwenyewe. Alikuwa na hasira, na alipokuwa na hasira alisema kwa takwimu. Alieleza mwamba una urefu wa mita mia na kumi, maboya yamesogezwa mita mia sita na arobaini, na miezi kumi na minne ya mikutano itakwenda na maji leo saa nane. Madame Reine, kiongozi wa wajumbe wa Kongo, alikuwa amekwisha kumpigia simu asubuhi. Hakuinua sauti. Alisema tu kwamba mtu wao akinyang'anywa chombo kwa neno la mvuvi mmoja, wao watapanda boti yao na kurudi, na kila upande utalinda samaki wake kama unajua wanakolala.

Inspekta alimwacha aseme. Walipofika mahali pa matete alimwomba azime injini, nao wakaingia katikati ya maboya kwa kasia.

Maboya sita yalikaa duara. Alipima kwa macho, kisha kwa kamba: nafasi kati ya boya na boya zilitofautiana kwa hatua mbili au tatu, si zaidi. Mwizi hutupa alichokiiba au hukificha. Aliyeyaleta haya aliyapanga, tena kwa subira, na alijua duara lianzie wapi na liishie wapi.

"Ni hila," Beauty alisema. "Wametuwekea ulinzi penye mchanga mtupu ili mawe yabaki wazi."

Inspekta hakumjibu. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa boti. Upepo ulikuwa umetulia, maji ya Novemba yalikuwa ya kufika kifuani, na sakafu ya ziwa ilionekana kama sakafu ya nyumba iliyofagiliwa. Mchangani palikuwa na mabakuli. Hivyo ndivyo alivyoyaona: mabakuli ya duara, mapana kama ungo, kumi, ishirini, yamepangana hadi kwenye kivuli cha matete. Juu ya kila bakuli palisimama samaki mmoja mwenye kichwa cha kijani, anamfukuza jirani yake.

"Beauty, njoo uangalie hapa. Hivi ni nini?"

Beauty akaja akalala kando yake. Akaanza kuyahesabu mabakuli kwa kidole, akaacha katikati.

"Viota," alisema mwishowe. "Dume la pale huchimba bakuli mchangani. Jike huja kutaga, kisha huyabeba mayai kinywani hadi yawe watoto." Akakaa, akavua kofia. "Nimesoma haya chuoni, ba Inspekta. Nimeyafundisha. Ila zamani mchanga wa viota ulikuwa umeuzunguka mwamba wenyewe. Maji yamepanda, mchanga umehamia huku, na mimi sikuja kuangalia. Nilipelekwa visiwani baharini wiki tatu kujifunza. Kule jiwe lenyewe ni kiumbe, linakula, linakua, samaki wote wanaishi kwalo. Nililigusa kwa mkono wangu. Nikarudi nyumbani na jiwe kichwani."

Inspekta alisema mtu yeyote angerudi nalo. Kisha akauliza mchanga huu ungekuwaje kama maboya yangebaki kule. Beauty akaonyesha ufukoni. Nyavu za kukokota zilikuwa zimetandazwa juani, tatu, kila moja ndefu kuliko barabara ya kanisani. Jumatatu au jana zingekuwa zimepita hapa.

Sababu ilikuwa imepatikana, lakini sababu haitii sahihi kwenye maelezo. Inspekta alitaka mtu. Akalivuta boya la karibu, akaigeuza kamba ya nanga mahali ilipofungwa upya, na hapo mikono yake ikasimama.

Wanawake wa Kashikishi wanaotuma chisense Kopabelti hawaandiki majina kwenye magunia. Wino hufutika na wapakiaji hawasomi. Kila mwanamke ana fundo lake. Lori likifika Kitwe, mpokeaji hupapasa shingo ya gunia, na kwa kidole tu anajua hili ni la nani. Fundo lililokuwa kwenye boya lilikuwa na mizunguko mitatu, kitanzi kimerudishwa nyuma, na ncha yake imefichwa chini ya mzunguko wa kati. Inspekta alilifungua kwa kuvuta mara moja upande wa kushoto.

Beauty alimtazama. Inspekta alipokuwa akipima, yeye alikuwa amevunja kucha mbili kwa fundo kama hilo. "Umejuaje?"

"Turudi," alisema Inspekta.

Kituoni alikwenda moja kwa moja kwenye mtoto wa meza ya kazi. Alikuwa mtu asiyetupa kitu. Ndani mlikuwa na bahasha zilizotumika, penseli za urefu wa kidole gumba, na vipande vya uzi wa katani, vyote vya urefu mmoja, ambavyo kila Jumanne hufunga kitambaa cha chakula kinacholetwa kutoka Kashikishi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelifungua fundo lile bila kulitazama, kwa kuvuta mara moja upande wa kushoto.

Kipande cha juu kabisa, cha jana, hakikuwa cha katani. Kilikuwa kamba ya nailoni ya buluu, mpya, ile ile ya nanga za maboya.

Chakula kilitoka kwa Mama Esnart, mama wa mke wake.

Kwa Wabemba mkwe hamtazami mama mkwe, na mama mkwe hamtazami mkwe. Hawali pamoja, hawasemezani uso kwa uso, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Hiyo si chuki, ni heshima. Huendelea hivyo hadi siku ambayo nyumba ya mke humwingiza mkwe rasmi, kwa chakula na nyimbo, na kuanzia hapo anakuwa mwana wa nyumba. Kaoma na Jessy walioana miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku ya kuingizwa ilipangwa mara nne. Mara mbili alihamishwa kikazi, mara moja palitokea msiba, mara moja malaria. Basi Inspekta alipopita sokoni kikazi, mtu alipaza sauti kwamba mkwe anakuja, na Mama Esnart, mwenye magunia mia, alijificha nyuma ya magunia. Tangu harusi hakuwa amemwona uso.

Sasa alielewa kilichokuwa juu yake na si juu ya Antoine. Hakuna mtu mwenye adabu, awe wa Nchelenge au wa Pweto, anayelitamka jina la mama mkwe wa mtu mbele yake mahali pa aibu.

Saa tano na dakika kumi alisimama nje ya ua wa matete, Kashikishi, mgongo kwenye ua na uso ziwani. Chisense zilimeta kwenye vichanja kama vigae. Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, mjumbe alihitajika, na mjumbe aliyekuwepo alikuwa Pierrette, dada mdogo wa Antoine, anayekaa kambi ya wakimbizi ya Mantapala na kuja kwa baiskeli siku tatu kwa wiki kuchambua chisense kwa Mama Esnart. Bemba yake ilikuwa bado changa. Mahojiano yakafanyika kwa Kiswahili cha soko, yeye Pierrette amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

Inspekta alimtaka amuulize mama kama ndiye aliyefunga maboya.

"Nimesikia," sauti ilitoka ndani, nzito, isiyo na haraka. "Umuambie mukwe wangu, ndiyo. Mimi njo nilikuwa mbele ya bwato. Kitenge ya njano."

Pierrette akageuka nje. "Mama anasema ndiyo."

Inspekta aliandika ingawa alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu hakutakiwa kuwa amesikia. Akataka aulizwe kwa nini hakwenda kwenye kamati kwanza.

Jibu lilikuwa refu. Mwezi wa nane alikwenda. Alikaa saa nne kwenye kiti cha plastiki, akainua mkono mara tatu. Aliambiwa wachuuzi wa chisense watapewa nafasi kwenye mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo mchungaji akaombwa afunge kwa sala, zikagawiwa soda.

"Nilikunywa soda yao," alisema Mama Esnart. "Umuambie. Nilikunywa, nikarudi, nikakaa na ile maneno miezi mitatu. Jiwe ya bale batu ba bahari iko na uzima, bamenionyesha picha, ni muzuri sana, na mimi ningeilinda. Jiwe yetu ni jiwe. Pale anazalia mu mchanga. Hata mama yangu alijua. Leo bakitia sinyatire ku karatasi, mchanga njo imekwisha, banaukokota wote. Nani atauza nini hapa siku Pierrette atakuwa muzee?"

Pierrette aligeuka tena nje na kusema mama alikunywa soda. Ndani kukasikika mtu akivuta pumzi ya subira, na Pierrette akaanza upya, akalieleza lote, na alipofika kwenye jina lake sauti ikamkatika.

Inspekta aliuliza swali lake la mwisho. Antoine alikamatwa jana asubuhi. Kwa nini mama alinyamaza, akijua mtu anapoteza mtumbwi kwa ajili yake?

Mama Esnart akasema, na safari hii hakupitia kwa Pierrette:

"Nitaingia je mu ofisi kwenye mukwe wangu amekaa? Nilituma barua. Jana, na sahani. Nilifunga na kamba ya boya, fundo yangu. Nikasema, yeye ni mupelelezi, ataona. Akakula, akanyamaza."

Pierrette akageuka nje, akamtazama Inspekta, akaona haifai kulirudia.

"Mwambie," alisema Inspekta akiwa bado anatazama ziwa, "barua imesomwa. Imechelewa kwa siku moja. Kosa ni la msomaji."

Katika ukumbi viti vilikuwa vimepangwa pande mbili na katikati wameacha njia, kama kanisani kwenye harusi ya watu wasiopatana. Inspekta Kaoma alisoma ripoti yake akiwa amesimama. Alitaja malengelenge ya Kingsley, ndoo moja na nusu ya samaki wa miiba, viota mia na kumi na saba ambavyo Beauty Bwalya alirudi kuvihesabu saa sita, na mafundo sita. Hakutaja jina la mwenye fundo. Alisema shahidi yuko nje na atasema mwenyewe, kisha akaomba ruhusa, akatoka kwa mlango wa mbele ili shahidi aweze kuingia kwa mlango wa nyuma. Wazambia wakaelewa. Wakongo nao wakaelewa; mzee mmoja wa Pweto aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Alisimama chini ya dirisha, mgongo ukutani. Aliusikia mburuzo wa kandambili, kisha kiti kikikataliwa. Mama Esnart alisema kwa Kiswahili cha Kashikishi ili pande zote mbili zisikie, na alisema kwa dakika zisizofika kumi. Mjumbe mmoja wa upande wa Zambia alimuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kugusa mali ya kamati. Akajibu kwamba ruhusa aliiomba mwezi wa nane na alipewa soda. Kicheko kilianza upande wa Kongo kikavuka njia ya katikati.

Beauty akainuka bila kuitwa. Alisema kosa la ramani ni lake, akalieleza lote, pamoja na jiwe alilorudi nalo kichwani.

Halikuisha hapo. Walibishana zaidi ya saa moja, kwa sababu sheria ilikuwa sheria, na wapo waliosema leo mtu akihamisha maboya kwa wema kesho mwingine atayahamisha kwa njaa. Madame Reine ndiye aliyelikata. Alisema maboya yalitoka kwa watu wa visiwani ili yalinde mazalio, si ili yalinde ramani. Aliomba iandikwe kwamba Antoine na Mama Esnart wameonywa kwa kutenda bila idhini. Mtumbwi urudishwe leo. Ramani ichorwe upya kesho, ziwani, si mezani, na Mama Esnart akae mbele ya boti kama alivyokaa Jumapili. Halafu akaongeza jambo ambalo Beauty aliliandika kwa herufi kubwa: watu wa visiwani waandikiwe barua ya shukrani, na katika barua waelezwe kwamba huku kinacholindwa ni mchanga, labda nao wana mchanga ambao hakuna aliyeuangalia.

Saini zilitiwa saa kumi na moja kasoro robo. Kingsley, aliyekuwa ameketi nyuma, aliambiwa alete mti wake wa kutumpulia ukatwe hadharani. Aliuliza kama anaweza kuukata mwenyewe, kwa heshima. Akakubaliwa.

Nyuma ya kituo Inspekta aliufungua mnyororo kwa mkono wake. Antoine alizunguka mtumbwi mara mbili, akipapasa mbao. Kisha akasimama mbele ya Inspekta, akamshukuru, na Inspekta akamwambia kwamba anayepaswa kushukuru ni yeye Kaoma, kwa lile swali la kumi na mbili.

"Ungenijibu asubuhi," alisema, "ningemaliza kazi saa mbili na nusu."

"Ndiyo, mukubwa," alisema Antoine. "Na kesho ungeniangalia na jicho gani?"

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa Pierrette alipoingia ofisini na sahani. Haikuwa Jumanne. Aliiweka mezani juu ya jalada la kesi. Inspekta akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyozoea, na mkono haukupata cha kuvuta. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa tu juu ya sahani, pembe nne zimelala wazi.

"Kamba iko wapi?"

"Mama alisema kamba haina kazi tena," alisema Pierrette. "Alisema mara nne bamepanga, mara nne imekosa, na hii ya tano hakuna kupanga. Jumamosi ukuye na Jessy. Wamama banaanza kupika kesho."

Inspekta alikifunua kitambaa. Alitazama ugali na mboga ya matembele, na chisense za kukaanga zilizopangwa duara ukingoni mwa sahani, nafasi zake sawasawa. Alikaa akiitazama bila kula.

"Pierrette," alisema, "pale ukumbini ulikuwa umekaa mbele. Alipokuwa akisema, uso wake ulikuwaje?"

Pierrette alikuwa amefika mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu jana alicheka.

"Mukubwa," alisema, "wewe njo mupelelezi. Jumamosi utaona."